Siku niliyosimama na ndoo ya maji mbele ya mafuta yanayowaka

Naanza kwa kukiri mi si mpishi. Najua kupika vitu vitatu tu, wali, kuku wa kukaanga na viazi vya kukaanga, na siku ile nilikuwa navipika vyote vitatu kwa mpigo maana mama mkwe alikuwa anakuja, na mke wangu alishamwambia kwenye simu "leo anapika mkweo mwenyewe, usile kitu njiani". Ukishatangazwa hivo huna pa kukimbilia.

Mke akatoka kwenda kumpokea mama yake, nikabaki na binti yangu wa miaka 6 ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kupita jikoni kila baada ya dakika tano kuonja. Asubuhi ilienda safi mno, kuku nikamaliza, wali ukaanza kukauka juu ya moto mdogo, nyanya na vitunguu nikakata nikapanga kwenye sinia la bati nikaona kabisa mi ni fundi. Mzunguko wa kwanza wa viazi ndo ukanipa onyo ambalo sikulijua kama ni onyo. Nilivitoa viazi kwenye maji nikavitumbukiza vikiwa bado vinachuruzika, aisee yale mafuta yalilipuka pale, cha, cha, cha, tone moja likanirukia shingoni nikaruka nyuma huku namtukana kiazi. Kilichokuwa kinalia pale si mafuta, ni maji. Mafuta ya kukaangia huwa kwenye nyuzi kama 180 hivi, na maji yanachemka kwa nyuzi 100, kwahiyo tone likiingia mle halipati hata muda wa kuchemka taratibu, linageuka mvuke hapohapo na kurusha mafuta kila upande. Nikavifuta vilivyobaki kwa kitambaa kikavu nikaendelea. Lile tone la shingoni lakini likumbuke, litarudi.

Sasa viazi mzunguko wa kwanza vikaiva, nikavitoa, na ukishatoa mzunguko mmoja mafuta yanakuwa yamepoa kidogo maana viazi vinafyonza moto, kwahiyo nikaongeza moto hadi mwisho ili yapate moto haraka niweke mzunguko wa pili. Nikasema ngoja ninawe mikono. Kufungua bomba naona maji hayashuki. Sinki limejaa, maji meupe ya kuoshea mchele, maganda ya viazi yanaelea juu kama mashua, na mama mkwe yuko njiani.

Hapa ndo pa kusimulia polepole maana kosa lote liko hapa, na wala halikufanana na kosa. Mi sikuondoka jikoni. Sikwenda kuangalia tivii, sikuwa kwenye simu, nilikuwa palepale hatua tatu kutoka kwenye jiko, na ningekuapia kwamba ninayaangalia yale mafuta. Lakini sinki lilikuwa na kelele, linabubujika, linanuka, linataka kumwagika sasa hivi, na mafuta yalikuwa yamekaa kimya yametulia kama kioo. Nani angeangalia kioo?

Nikajaribu kusukuma kwa kiganja, wapi. Nikafungua kabati la chini, nikasogeza ndoo chini ya lile bomba lililopinda, lile lenye umbo la herufi U ambalo kazi yake ni kubakiza maji kidogo hapo kwenye kona ili harufu ya mtaroni isipande ndani, na kwa sababu ya hiyohiyo kona kila uchafu unaogoma kwenda unaishia hapo. Nikafungua nati kwa mkono, mara ya kwanza imegoma, mara ya pili imegoma, nikaishika na kitambaa ikaachia ghafla na maji yote ya sinki yakashuka, nusu kwenye ndoo nusu kwenye mikono yangu. Ile raba nyeusi ya duara inayokaa kwenye nati ikadondoka, nikaiokota, nikawaza nikiiweka chini itapotea, nikanyoosha mkono juu bila kuangalia nikaiweka kwenye kitu cha kwanza nilichokigusa. Tafadhali ikumbuke na hiyo raba.

Nilikaa chini ya lile sinki muda gani sijui. Kichwani mwangu ni dakika mbili. Nikikadiria kazi niliyofanya, kung'oa lile bomba, kutoa maganda kwa kidole, kulalamika, ni kama dakika kumi hivi, na kwa sufuria yenye mafuta kiasi kidogo juu ya moto wa mwisho dakika kumi ni nyingi sana. Kuna muda nilisikia harufu. Nikajisemea wali huo unaanza kushika chini, namalizia hapa nakuja. Nilivuta pumzi tena nikasikia kama harufu ya rangi iliyoungua, kali, inawasha macho, na bado nikasema wali.

Hiyo harufu nimekuja kuielewa baadaye. Mafuta mengi ya kupikia yaliyosafishwa yanaanza kutoa moshi yakifika kama nyuzi 200 hadi 230, moshi mwembamba wa bluu bluu. Hapo ndo mafuta yanakwambia zima moto. Ukiyaacha yaendelee yakapita nyuzi 300 na kitu, yanawaka yenyewe. Nasema yenyewe, halihitajiki cheche, haihitajiki moto wa jiko kuruka na kuyagusa. Mi miaka yote nilidhani mafuta yanawaka kwa sababu yamemwagikia kwenye moto, kwahiyo nikiona hayajamwagika nipo salama.

Nikatoka chini ya sinki na ndoo mkononi, imejaa karibu nusu, nageuka, na ukuta wa nyuma ya jiko una rangi ya chungwa.

Mwali ulikuwa na urefu kama wa mkono wangu kutoka kwenye kiwiko. Cha ajabu haukuwa na kelele nyingi, ulikuwa unavuma tu, kama mtu anapumua kwa mdomo. Na mi nimesimama pale na ndoo ya maji. Nataka uelewe hiyo picha vizuri. Sikuhitaji kwenda kutafuta maji, maji nilikuwa nayo tayari, mkono wa kulia umeshika mpini, mkono wa kushoto umeshaenda chini kwenye kitako cha ndoo, mwili wangu ulishaamua kabla yangu. Moto, maji. Tangu utotoni ni hivo.

Kilichonizuia si elimu. Ni shingo. Pale lile tone liliponipata asubuhi palikuwa bado panawasha, na kwa sekunde hiyohiyo nikasikia ile sauti ya cha, cha, cha kichwani, nikawaza kama tone la kiazi limefanya vile, ndoo itafanya nini?

Basi ndoo ingefanya hivi. Maji ni mazito kuliko mafuta kwahiyo yasingekaa juu kuuzima ule moto, yangezama hadi chini ya sufuria, na kule chini kwenye nyuzi 300 yangegeuka mvuke papo kwa papo, na maji yakiwa mvuke yanataka nafasi kama mara 1,700 ya ile ya mwanzo. Yaani kikombe kimoja kinataka nafasi ya vikombe 1,700. Hiyo nafasi haipo kwenye sufuria, kwahiyo mvuke unatoka na mafuta yote yanayowaka, juu darini, kwenye mapazia, usoni kwangu, na kwa mtoto aliyekuwa amesimama mlangoni, ambaye nilikuwa hata sijamuona.

Nikaiweka ndoo chini. Nikamwambia binti "toka nje, kasimame nje kabisa", na nadhani sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine maana siku zote nikimwambia kitu anauliza kwa nini, siku hiyo alikimbia.

Sasa kuzima. Vitufe vya jiko viko mbele, mwali ulikuwa unapepea mbele kwa sababu dirisha la nyuma liko wazi, sikuthubutu kupeleka mkono pale, nikainama nikafunga gesi kwenye mtungi. Hilo la kujua mtungi unafungwaje bila kuangalia ni kitu ambacho nashukuru, na kama hujui wa kwako unafungwaje kajaribu leo jiko likiwa limezimwa, mkono tu, macho pembeni. Kufunga gesi lakini hakuzimi mafuta, yanaendelea kuwaka yenyewe maana joto yanalo tayari, yenyewe ndo kuni. Kinachobaki ni kuyanyima hewa. Mfuniko wa ile sufuria ni wa kioo, na kioo nilikiogopa, nikaona kikipasuka pale nimeongeza matatizo. Sufuria yenyewe kuibeba nje hilo wazo lilinipitia pia, sitaki kudanganya, na ni wazo la kijinga kuliko yote maana ukitembea na mafuta yanayowaka upepo unakurudishia mwali mikononi, utayaachia, na yakimwagika sakafuni moto unakuwa wa nyumba nzima. Unga nao ulikuwa pale rafuni, nafurahi sikuushika, vumbi la unga hewani linawaka vibaya sana.

Kilichokuwa karibu ni sinia. Lile la nyanya. Nikalishika nikamwaga saladi yote sakafuni kwa mkupuo mmoja, nikalitanguliza mbele yangu kama ngao, halafu nikaliteleza juu ya sufuria kuanzia upande wangu kwenda upande wa pili. Usilidondoshe kutoka juu, liteleze. Mwali ukabanwa, ukachungulia pembeni mara moja, ukatoweka. Ikabaki moshi na mapigo ya moyo.

Binti akarudi mlangoni, maana kukaa nje kabisa ana mipaka yake. Ameshika kikombe kidogo cha plastiki kimejaa maji, anatembea polepole yasimwagike. "Baba nimekuletea maji ya kuzima." Nikakipokea nikayanywa yote.

Ningeishia hapo ningekuwa shujaa. Lakini binadamu ana kiherehere. Nikakaa dakika kama tatu nne naangalia lile sinia, kimya, hakuna moto, hakuna chochote, na mama mkwe anakaribia, nikasema ngoja nichungulie hali ya mafuta. Nikanyanyua ukingo wa sinia kwa kidole na gumba. Mafuta yalikuwa bado ya moto vilevile, yalichokosa ni hewa tu, na mi ndo nikawapelekea hewa kwa mkono wangu. Yakawaka fuu! mara moja, mwali ukapita juu ya mgongo wa mkono wa kushoto na kifundo, nikaliachia sinia likarudi mahali pake kwa bahati, likazima tena. Safari hii sikuligusa hadi jioni. Sufuria ya mafuta iliyowaka inaachwa hivohivo imefunikwa, jiko limezimwa, mpaka bati likishikika kwa mkono bila shida, na hiyo si dakika, ni masaa.

Mkono sasa. Kwanza hauumi, unashangaa tu ngozi imekuwa nyekundu na vinyweleo havipo, halafu maumivu yanafika yote kwa pamoja. Nikakimbilia bomba la sinki, nikalifungulia mkono, maji ya baridi aah, na baada ya sekunde tatu miguu yangu imelowa. Bomba la chini nimeling'oa mwenyewe. Maji yanapita kwenye sinki yanashuka moja kwa moja kwenye kabati hadi kwenye sakafu yenye nyanya na mafuta, na mi nimesimama katikati yake peku. Niliteleza, sikuanguka, nikashika friji. Nikaenda bafuni.

Dakika 20 ndo inatakiwa, maji ya bomba ya kawaida yanayotiririka, dakika 20 za kuhesabu kwa kuangalia saa. Dakika 20 ukiwa na mkono chini ya bomba ni ndefu sijui nikwambieje, unasoma maandishi ya chupa ya shampuu mara nne. Watu wengi wanaacha ikifika dakika mbili tatu maumivu yakipungua, ukiutoa tu yanarudi, maana joto limeshaingia ndani ya ngozi na linaendelea kupika polepole hata moto ukiwa haupo. Hata ukichelewa, kama hazijapita saa tatu tangu uungue bado maji yanasaidia.

Nikiwa dakika ya nane hivi mlango ukafunguliwa. Nikasikia mke wangu anasema "mbona moshi", nikasikia mama mkwe anasema jina la Mungu, nikasikia binti anaripoti kwa sauti kubwa "Baba amechoma mafuta na ameharibu sinki na amemwaga nyanya", taarifa kamili haina hata kosa moja. Wakaja wote watatu mlangoni mwa bafu.

"Shikamoo mama," nikasema, mkono chini ya bomba.

"Marahaba baba. Pole. Hebu nione." Akaangalia, akamgeukia mwanae, "leta dawa ya meno haraka."

Nikaganda. Yule ni mama mkwe, kafika sasa hivi, hajakalishwa, hajapewa hata maji, nyumba inanuka moshi, na nimkatalie? Mke wangu ananiangalia, anajua ninachowaza. Nikasema "mama, naomba tuyaache maji yafanye kazi kwanza, yakishindwa tutapaka hiyo dawa." Uongo wa heshima. Dawa ya meno inasikika ya baridi kwa sababu ya ule mnanaa wake, lakini inafunika joto lisitoke na inakaa kwenye kidonda ikawa uchafu, na ukifika kwa daktari kazi ya kwanza ni kuikwangua. Mafuta, siagi, yai, ukurasa ni huohuo. Barafu nayo unaiona kama baridi zaidi ni bora zaidi, kumbe inabana mishipa ya damu na kuiumiza ngozi mara ya pili.

Hakujibu. Akageuza ndoo ya bafuni akaikalia, akapandisha mkono wa gauni, akanionyesha alama nyuma ya kiwiko, imekunjamana, inang'aa. "Hii nilikuwa mdogo, uji wa moto. Wakanipaka mafuta ya kupikia, nikalala nayo. Ilichukua mvua mbili kupona." Akaiangalia kidogo kama mtu anaangalia picha ya zamani. "Endelea na maji yako baba."

Mke wangu ndo aliyekumbuka pete. Mi hata sikuiwaza, akapaka sabuni kidole akaivuta taratibu ikatoka, na lisaa limoja baadaye vidole vilikuwa vimevimba kama soseji, ingebidi ikatwe. Kama umeungua mkono vua pete, saa, bangili, mapema kabla mkono haujavimba. Baada ya dakika zangu 20 akanifunika kwa ile nailoni laini ya kufunikia chakula, akatupa ule mzunguko wa kwanza wa nje, akatumia wa ndani ulio safi, akaulaza juu ya ngozi bila kuuzungusha, maana ukizungusha na mkono unavimba unajibana mwenyewe. Malengelenge yakatoka mawili, sikuyatoboa. Kesho yake nikaenda nikaonwa na nesi, na aliniuliza kwa nini sikwenda siku ileile, kuungua kiganja na vidole, uso, au kwenye viungo vya kukunja hakusubiriwi hata kama ni kudogo. Sikuwa na jibu zuri. Nilikuwa na wageni.

Chakula je? Kuku alinusurika alikuwa kwenye bakuli limefunikwa, viazi mzunguko wa kwanza vikanusurika ila vilinuka moshi, wali niliuzima pamoja na gesi kwahiyo ukajipikia kwa mvuke wake ukaiva kuliko siku zote ninazousimamia, chini umeshika kidogo na mama mkwe akaomba ukoko wote. Tulikula sebuleni madirisha yote wazi. Saladi haikuwepo na hakuna aliyeiulizia.

Kitu ambacho hakikuisha ni sinki. Nikataka kulifunga usiku ule kwa mkono mmoja, bomba nimelisafisha, nati ninayo, raba haipo. Bila ile raba unakaza hadi unatoa jasho na bado linavuja. Nikatafuta kabatini, kwenye ndoo, mfukoni, chini ya kapeti, hakuna. Siku mbili vyombo tunaoshea bafuni na kila mmoja anayebeba beseni ananiangalia. Siku ya tatu mama mkwe, ambaye alikuwa amekataa kukaa bure, alisogeza friji adeki nyuma yake. Nikamsikia anacheka peke yake. Akaja na kipande cha nyanya kilichokauka kwenye kiganja, katikati kimevaa raba nyeusi ya duara kama pete.

"Baba, nyanya zako zina vipuri?"

Nikapiga kelele ya furaha, nikaichukua, nikaiosha, nikalala chini ya sinki nikafunga nati, maji yakashuka, hakuna tone. Natoka pale nimejaa ushindi namkuta mke wangu amesimama mikono kiunoni.

"Naomba kuuliza," akasema, "raba ya mtaroni ilifikaje kwenye sinia la saladi ambayo ulikuwa unampikia mama yangu?"

Mama mkwe akachukua dekio lake akatoka nje.